Sherehe ya Kuaga Tishari

Juba, Jumapili
15 Novemba 2009

Dunstan wangu,

Kabla hujasoma zaidi ujue kwamba nimekukasirikia. Jana ulijificha wapi? Sherehe ya kwanza ya kuaga tishari katika mji huu, niliyoipigania miezi mitatu mbele ya meneja asiyeamini kitu, na mchumba wangu, fundi wa meli inayolisukuma tishari hilohilo, hakutokeza hata pua!

Basi nikusimulie ulichokosa. Wageni walikuwa sitini, wa benki, wa mashirika na wale wakandarasi wanaolala hotelini kwetu. Walipanda sitahani saa tisa, wakakuta puto, mishikaki, chapati za mkono wangu, soda na bia kwenye barafu. Vijana wa mtaa wa Nyakuron walipiga ngoma zao hata wale wazungu wa kutegua mabomu wakavua viatu. Mlipong'oa nanga, gati zima lilikuwa likipunga mikono. Tulikwenda nanyi mpaka karibu na kisiwa cha Gondokoro, mashua mbili zikaturudisha. Njia nzima watu walikuwa wakiimba. Chepkoech wa benki akaniuliza, "Sasa huyo fundi wako yuko kweli, ama umemtunga?" Nilicheka, lakini iliniuma.

Abiria wenu tuliwasogeza nyuma ya kamba, ila kila mmoja alipata soda. Mmoja tu alinisumbua, mama wa nguo ya buluu aliyekalia sanduku la bati palepale nilipotaka kuweka spika. Nikamwambia, "Mama, furahi, si unarudi nyumbani?" Akanitazama tu, amelikalia sanduku lake kama kuku aliyeatamia. Mwishowe tuliweka spika juu ya hilohilo sanduku, nusu yake, yeye nusu yake.

Meneja ameahidi kwamba sherehe mbili zikienda vizuri kufikia Krismasi, nitakuwa mkuu wa sherehe zote. Na nafasi ya fundi wa jenereta iko wazi hapa hotelini. Unanielewa? Tarehe tisa Januari wazee wako wanavuka kutoka Mbale kuja kwetu Bungoma kuleta posa. Ningependa waambiwe kwamba kijana wao analala nchi kavu.

Simu nimejaribu mara kumi. Wanasema mnara wa simu wa Bor, kituo chenu cha kwanza, umekosa dizeli, kwa hiyo namtafuta dereva wa gari la Bor anibebee hii. Nijibu, na unieleze ulikuwa wapi.

Wako mwenye hasira kidogo,
Roselyn

*

Bor, Alhamisi
19 Novemba 2009

Roselyn mpenzi,

Pua yangu ilikuwa kwenye injini, mahali inapolipwa mshahara. Pampu ya maji ilikuwa inalia tangu asubuhi, na sasa imekufa kabisa. Tumefunga hapa Bor tukingoja nyingine kutoka Juba, wiki moja, labda mbili. Rayis wetu, nahodha Puok, analala mchana kutwa na kuamka kuuliza kama pampu imefika.

Chapati zako zilinifikia, mpishi aliniletea mbili. Asante. Lakini uliniuliza, nami sijui kuzungukazunguka. Sherehe ile sikuipenda. Sitaki uifanye tena.

Sitaha ya tishari si ukumbi. Hapo ndipo abiria wanapolala, wanapopika, wanaponyonyesha watoto. Mlipowasogeza nyuma ya kamba, watu themanini walibaki mahali pa watu thelathini, juani, wakiwatazama wageni wakila nyama. Kuna anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini asijue kama kuna nyumba. Kuna anayemwacha mtoto kaburini Juba. Mtu wa namna hiyo unampa soda na kumwambia afurahi? Wewe una moyo mzuri, ndiyo maana nakwambia wewe, wala sizungumzi na meneja wako.

Kama hiyo kazi ya jenereta inapatikana kwa njia hiyo, bora nibaki majini. Hayo ya Januari tutazungumza.

Dunstan

*

Juba, Jumapili
22 Novemba 2009

Dunstan,

"Hayo ya Januari tutazungumza." Sentensi hiyo nimeisoma mara nane, na kila mara inazidi kunikera. Unatishia posa kwa sababu ya ngoma?

Sasa nisikilize na mimi. Nimekaa mji huu miaka mitatu. Nimewasikia watu wa hapa wakisimulia jinsi walivyokuwa wakiondoka wakati wa vita, kwa kunyata, bila kuaga jirani, wamewaziba watoto midomo. Leo mtu anaondoka saa tisa mchana, jua limewaka, ngoma zinapigwa, na mji mzima unamwona akienda. Wewe unaliona hilo ni tusi. Mimi naliona ndiyo amani yenyewe iliyotiwa sahihi. Na nani alikupa kazi ya kuhuzunika kwa niaba ya abiria? Uliwauliza? Ulikuwa chini kwenye injini!

Tena usidhani sikufikiria. Mkataba na mwenye tishari niliuandika mimi mwenyewe, na sharti la nne ni langu: siku ya sherehe tishari halibebi maiti wala mabaki ya maiti. Nilitaka anayepanda siku hiyo awe ni mtu wa safari ya heri. Wenye msiba wangoje tishari linalofuata, wasafiri kwa utulivu wao. Nilidhani hilo lingekupendeza.

Kuna jambo lingine, na hili uliangalie kwa macho mawili. Mzee Lagu, karani wa gatini, ananiambia kwenye orodha yake kuna sanduku limeandikwa "vipuri" lakini halina stakabadhi. Ndilo lile la bati la yule mama wa buluu! Mama mzee anasafiri na vipuri vya nini? Unajua maneno yaliyojaa mjini siku hizi kuhusu bunduki zinazopita mtoni. Zikipatikana bunduki kwenye tishari lililofanyiwa sherehe na hoteli yetu, mimi nimekwisha, na wewe pia. Nimemweleza mwenye tishari. Jana alipiga simu ya upepo kwa polisi wa Bor, walifungue. Wewe kaa mbali nalo.

Nakupenda hata ukinuna.

Roselyn

*

Bor, Jumapili
22 Novemba 2009

Roselyn,

Barua yangu ya Alhamisi ilikuwa kali, na haikuwa na ukweli wote. Nimekaa siku tatu nikijisikia vibaya. Acha nikwambie kwa nini sikupanda juu.

Yule mama aliyekusumbua anaitwa Achol. Ni mtu wa Shambe, huko mbele kwenye vinamasi. Miaka mingi alikuwa mkimbizi Kakuma, kwenu Kenya, Kiswahili chake ni cha huko. Mumewe alifia Juba wakati wa vita, akazikwa pembeni, mahali ambapo leo ni mtaa wa New Site. Mwaka huu wapima viwanja wamefika, na vigingi vyao vikapita juu ya kaburi. Kipande kile kimeshapata mwenyewe, anataka kuweka kibanda. Mama akaomba siku mbili, akamfukua mumewe. Mifupa ameifunga kwenye blanketi, akaiweka kwenye sanduku la bati ili ampeleke kwao.

Alikuwa na barua ya chifu, kila kitu. Alipofika gatini aliambiwa Jumamosi hiyo mabaki hayapandi, kuna sherehe, asubiri mwezi mzima. Ni nani aliyeweka amri hiyo sikuambiwa. Mwezi mzima angekaa wapi na mumewe? Chumba alichopanga walikuwa wameshamtoa kwa sababu ya sanduku lenyewe.

Basi nikachukua rangi ya injini nikaandika "vipuri", nikalibeba mwenyewe mpaka sitahani. Mimi ndiye niliyedanganya orodha. Halafu nikachungulia ngazini nikaona spika yako juu ya marehemu, na mama amebanwa kwenye nusu iliyobaki. Sikuweza kupanda kusalimiana na watu wa benki. Nilirudi chini nikakaa na pampu.

Wewe hukujua, sikulaumu. Ila usimwambie mtu. Zimebaki siku chache tu, pampu ikija mama atafika. Kwetu Mbale na kwenu Bungoma tunajua mfu asiyefika kwao hatulii. Acha huyu afike.

Dunstan

*

Bor, Jumatano
25 Novemba 2009

Roselyn,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Polisi walifika jana.

Walilishusha sanduku hadi gatini, mbele ya abiria, wachuuzi wa samaki, kila mtu. Mama Achol aliwaambia wazi ni nini. Mkubwa wao alicheka, akasema kila mwenye bunduki husema hivyo. Wakapiga kufuli nyundo. Wakakunjua blanketi. Upepo ulikuwa ukivuma; mkanda wa suruali wa marehemu bado ulikuwamo, na fuvu likaviringika kwenye zege hadi miguuni pa watu. Watu walikimbia. Mama alipiga magoti akaanza kuokota, nami nikapiga magoti nikamsaidia, na hakuna mwingine aliyekaribia.

Nilisema mimi ndiye niliyeandika. Rayis Puok amenifukuza palepale, hakuwa na la kufanya. Sanduku liko kituoni mpaka barua ya chifu ihakikishwe. Meli itaondoka bila yeye na bila mimi. Tumepewa mahali pa kulala na watu wa kanisa, yeye na wanawake, mimi na walinzi.

Ameniuliza nani aliyesema. Nimemwambia ni watu wa bandari.

Sina la kuongeza.

D.

*

Juba, Ijumaa
27 Novemba 2009

Dunstan,

Nimeandika barua nne nikazichana zote. Hii itakwenda hivi ilivyo.

Nimekosa. Sikosi maneno ya kujitetea, ninayo mengi, na yote nimeyajaribu peke yangu jikoni, hakuna hata moja linalosimama. Sharti nililiandika mimi. Nililiandika kwa dakika mbili, nikinywa chai, nikijiona mwerevu. Halafu nikamshitaki mama ambaye nilikuwa nimeshamwekea spika juu ya mumewe. Nikiwaza lile fuvu nahisi mikono yangu mwenyewe michafu.

Nilimwendea mzee Lagu ofisini kwake. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kuna mama aliyekataliwa. Akasema, "Binti, mimi iko nasoma karatasi tu. Karatasi yako ilisema hapana, mimi pia nikasema hapana. Malesh, samahani." Hakunisema vibaya. Afadhali angenisema.

Barua ya chifu: nilimpata chifu wa New Site leo. Ameandika nyingine na kupiga muhuri, nimeambatanisha humu. Wapelekee polisi mara moja.

Sharti la nne nimelifuta. Meneja aliuliza sababu nikamwambia, naye akasema nisiwasimulie wageni habari hiyo. Kuhusu sherehe zenyewe, sijui. Bado siamini kwamba ngoma ni dhambi. Lakini sina tena sauti ya kubishana na wewe.

Kama hutaki kuniandikia, niandikie tu kwamba mama ana chakula.

Roselyn

*

Bor, Jumatano
2 Desemba 2009

Roselyn,

Mama ana chakula. Polisi walituachia sanduku Jumatatu kwa sababu ya muhuri ule. Asante kwa hilo.

Nilikuwa nimeapa nisikuandikie mpaka nifike Mbale. Lakini jana mama Achol alinivua nguo kwa maneno, na haki inataka uyasikie.

Tulikuwa tunaosha mifupa upya, ilikuwa na mchanga wa gatini. Nikaanza kuilaani ile sherehe, nikasema yote niliyokuandikia, sitaha si ukumbi, mmemdharau marehemu, na kadhalika. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, naandika kama alivyosema:

"Wewe kijana, ulikuwa unakasirika kwa niaba ya nani? Mimi sikukutuma. Huyu mzee tulimzika watu wawili, mimi na shemeji yangu, na jembe la kuomba. Tena kimya, askari wasisikie. Hakuna mtu aliimba. Hakuna mtu alikula kitu. Miaka yote Kakuma hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma, si kufa kwake. Halafu siku ile nakaa juu ya sanduku, watu wengi hivi, nguo nzuri, nyama, ngoma mbele yetu. Nikamwambia kwa roho yangu, mzee, leo umepata watu. Yule msichana alitaka niinuke. Niinuke niende wapi? Hiyo ilikuwa nafasi yetu ya mbele. Akaweka ile kitu ya muziki juu, sanduku likawa linatetemeka lote. Nikasema, ona, hata yeye anacheza."

Nilikaa hapo na mfupa mkononi, nisijue pa kuuweka. Ningepanda ngazi siku ile ningemwona, lakini nilichungulia mara moja nikajipa jibu langu. Kwa hiyo kwenye ugomvi wetu, Rose, wewe ulikuwa na haki kuliko mimi, na hukujua, wala mimi.

Tishari lenu lijalo linapita hapa baada ya tarehe kumi na mbili. Litatuchukua hadi Shambe. Mama anasema nikuandikie uje kwenye maziko na zile ngoma za Nyakuron. Anasema maneno haya: "Msichana wa muziki aje, akae karibu na mimi." Amenunua kuku wawili tayari. Kila jioni anauliza kama umejibu.

Hajui ni wewe uliyesema habari za bunduki. Nami sina moyo wa kumwambia. Njoo tu. Hakuna haja ya yeye kujua.

Dunstan

*

Juba, Jumamosi
5 Desemba 2009

Dunstan wangu,

Nimelia mpaka Chepkoech akaniletea maji. Nilifurahi, nikwambie kweli. Kwa nusu saa hivi nilikuwa mtu mwenye haki. Hata nilichagua nguo ya kuvaa Shambe.

Halafu nikawaza nimekaa karibu naye, ananilisha kuku wake, ananishika mkono. Siwezi. Mwambie ni mimi. Mwambie yote, la sharti pia, kwamba mtu aliyemnyima tishari ndiye huyohuyo aliyewatuma polisi. Usinipunguzie. Usimwambie kwamba sikujua mpaka umalize kwanza kile nilichofanya.

Najua unaniambia ninyamaze kwa sababu unanipenda. Lakini ukimnyamazia tutakuwa tumemfungia mama yule kwenye uongo mwingine, na safari hii tutakuwa wawili.

Akikubali bado nije, nitakuja. Nangoja.

Roselyn

*

Bor, Jumanne
8 Desemba 2009

Rose,

Nimemwambia. Nilianza na sharti, nikamaliza na simu ya upepo, kama ulivyotaka.

Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha. Kisha akauliza unaitwa nani, kwa sababu siku zote alikuita msichana wa muziki tu. Nikamtajia jina. Akauliza kama una mama. Nikasema yuko, Bungoma. Akauweka ungo chini, nami nikadhani tumevuka.

Ndipo akasema, "Basi yeye asije. Ngoma zije."

Nilijaribu kusema neno. Akaniinulia mkono. Hakuwa na hasira usoni, Rose, ningeona afadhali. Alikuwa amechoka. Kuku mmoja amempa mke wa mchungaji.

Samahani. Uliniagiza nami nikafanya.

Dunstan

*

Juba, Jumamosi
12 Desemba 2009

Dunstan wangu,

Barua hii anayo kiongozi wa wapiga ngoma, kijana mrefu anaitwa Edrine. Wako sita na ngoma nne. Chakula cha njiani wanacho, nauli ya kurudi nimewapa. Nimewaeleza wanakwenda kumzika nani. Mwambie mama Achol wameelezwa, asije akadhani wamekuja kuburudisha wageni.

Hotelini nilisema sherehe ya leo haipo. Meneja naye akasema basi ukuu wa sherehe haupo, na jenereta amempa mtu mwingine. Kuhusu tarehe tisa Januari, sikuulizi kitu kwa barua. Mimi nitakuwa kwetu siku hiyo. Wazee wako wakija, watanikuta.

Nilikwenda gatini saa nane nikiwa na vijana. Hakukuwa na kamba leo, abiria walikaa walikotaka. Nilipanda na ngoma mpaka mwisho wa ubao wa kupandia, nikazikabidhi, nikageuka. Mzee Lagu alinishika kiwiko. "Panda, binti, nafasi iko," akasema. "Nani atakuuliza?" Nilitamani sana kupanda. Naandika hili nikiwa nimekaa juu ya gunia la simenti, Edrine ananingoja niimalize, na bado natamani.

Wameanza kupiga hata kabla ya tishari kufunguliwa gatini. Niliwaambia wangoje hadi Bor, lakini mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama mbele yao anacheza, basi wamemwacha. Gati zima limesimama kuangalia. Amepita mgeni mmoja wa hotelini, mkandarasi aliyekuwepo mara ya kwanza, akaniuliza kwa nini leo sikumwalika kwenye sherehe, na sherehe hii ni ya nani. Nimemwambia ni mazishi.

Amecheka sana. Amesema siku zote mimi ni mtu wa mzaha.

Roselyn